Mahindi mazima ao unga wa kuchanganya: nichukue gani?

kaka_panzi: Jamani, Jumamosi napanda soko la Kadutu, hapa Bukavu, kununua chakula cha kuku. Unga wa kuchanganya bei yake haishikiki tena, na nusu wanauchakura chini. Rafiki ananiambia nichukue gunia la mahindi ya Uwanda wa Ruzizi, niwatupie mazima, basi. Mwingine anasema mtama. Mnanishauri nini?

mama_bagira: Kuku gani, baba? Wa kienyeji ao wale wekundu wa mayai? Wangapi? Wanatembea ao umewafunga? Hujasema kitu hapa.

papa_mtama: Mtama tu. Punje ndogo, kila kuku anameza, hata dume halimfukuzi mwenzake. Mahindi mazima ni ya watu wavivu.

docta_kuku: Papa, mtama mwekundu sana una tanini (kitu kichungu), kuku wanaukataa na protini yake haiwafikii vizuri. Chukua mweupe. Lakini mahindi ao mtama, shida ni moja: mahindi yana protini asilimia 8 ao 9, kuku anayetaga anataka kama 16. Ukimpa nafaka peke yake atanenepa, mayai yatapungua. Ongeza soya iliyokaangwa (mbichi hapana, inazuia protini isisagike tumboni) ao sambaza kavu (samaki wadogo wa Ziwa Kivu). Na chokaa ya mifugo kwa ajili ya ganda la yai.

nyamulagira_goma: Mnasahau mawe! Kuku hana meno, punje nzima inasagwa kwenye firigisi kwa kokoto alizomeza. Kwetu Goma parseli yote ni mawe ya volkeno, kuku anajihudumia. Nyie Bukavu mna udongo mwekundu tu, mkiwafungia ndani mtawapa nini?

papa_mtama: Goma mnajisifu hadi mawe!

nyamulagira_goma: Tunajisifu na yale yaliyotuchomea nyumba, ndiyo 😂 Weka bakuli la kokoto ndogo bandani, mzee, si ugomvi.

mama_bagira: Acheni mawe, angalieni ukavu. Mimi nilinunua mahindi kwa mfanyabiashara mmoja msimu wa mvua, gunia zuri juu, bei nzuri, nikashukuru Mungu. Ndani kabisa punje zilikuwa na unga wa kijani na harufu ya godoro bichi. Mtoto wa kazi akaona ni hasara kutupa, akawa anapembua juu juu na kuwapa. Kwanza mayai yakapungua. Halafu kuku wakawa wanasimama pembeni, manyoya yamesimama, kilemba kimepauka. Jirani akaapa ni kideri, tukahangaika na dawa za kila aina. Walipoanza kufa, mtu wa mifugo akapasua mmoja: ini limevimba, limepauka kama udongo. Akasema sumu ya kuvu. Na sumu hiyo ukipika haitoki. Tangu hapo navunja punje kwa meno dukani: ikilia kaa! nanunua, ikibonyea naondoka. Muuzaji akikasirika, na akasirike.

docta_kuku: Ndivyo. Na fungua katikati ya gunia, si juu.

kaka_panzi: Asanteni. Kuku ni mchanganyiko, wekundu na wa kienyeji, kama 20, ndani ya banda. Na vifaranga wa wiki tatu.

mama_bagira: VIFARANGA! Ungesema tangu mwanzo. Hao usiwape punje nzima ya mahindi, wabakie na unga wao.

docta_kuku: Wakubwa 20, gramu 120 kila mmoja, ni kilo 2.4 kwa siku. Gunia la kilo 50 linakaa wiki tatu hivi. Piga hesabu ya soya pia kabla ya kusema ni rahisi.

papa_mtama: Na sambaza! Ukizidisha, yai linanuka samaki. Wateja wangu wa Nguba walinirudishia trei nzima.

nyamulagira_goma: Trei mnauza ngapi huko sasa?

papa_mtama: Inategemea mayai ya Uganda yameingia ao hayajaingia. Yakiingia, sisi tunakula wenyewe.

mama_bagira: Ao yauze kwa wenye keki, hawaulizi rangi ya kiini. Mahindi ya manjano ndiyo yanakipa rangi, si meupe.

jogoo_wa_ibanda: Samahani, kuna mtu anauza jogoo asiyewika saa tisa usiku? Mwenye nyumba amenipa onyo.