Ligi za kanda za vyuo vya kijamii Marekani zinatofautianaje?

Muulizaji: Ndugu zangu, mdogo wangu anayecheza mpira wa kikapu amealikwa na vyuo viwili vya kijamii vya miaka miwili, kimoja katika jimbo la Washington na kingine Kansas, na kila kocha anasema ligi yake ndiyo bora. Je, tofauti ni jina tu?

Mchangiaji wa kwanza: Si jina tu. Chuo cha Kansas huwa chini ya NJCAA, chama cha taifa cha michezo ya vyuo vya miaka miwili kilichoanzishwa mwaka 1938, chenye madaraja matatu: la kwanza huruhusu kulipia ada, vitabu, malazi na chakula, la pili huishia kwenye ada na vitabu, la tatu halitoi ufadhili wa michezo kabisa. Washington iko chini ya NWAC, chama cha michezo ya vyuo vya kanda ya Kaskazini Magharibi, pamoja na Oregon, na chama hicho hakimo ndani ya NJCAA, kwa hiyo bingwa wake hachezi fainali za NJCAA.

Mchangiaji wa pili: Naongeza kwamba California nayo ina chama chake, ambacho hakiruhusu ufadhili wa michezo. Kwa Kansas, mwambie mdogo wako aulize daraja la timu ya kikapu yenyewe, kwani chuo kimoja chaweza kuwa na michezo katika madaraja tofauti.

Muulizaji: Ahsanteni sana. Barua ya Kansas imeandika "ufadhili" bila kutaja malazi. Leo hii tunamwandikia kocha.