Millbrook, Eskasoni au Kejimkujik: nimpeleke wapi mama akawajue Wami'kmaq?

MgeniHalifax
Wakuu habari zenu. Mama anakuja kutoka Tanga mwezi wa nane. Sitaki arudi amepiga picha na minara ya taa tu, nataka awajue Wami'kmaq, wenyeji hasa wa Nova Scotia huku Kanada. Gari lipo, nina siku moja, nikibembeleza kazini mbili. Magoti yake hayapendi milima. Twende wapi?

Mama Neema
Millbrook, kwenye kituo cha utamaduni cha Wami'kmaq. Ni kama saa moja kutoka Halifax kwa barabara ya 102, karibu na Truro. Sanamu ya Kluskap, shujaa wa hadithi zao, ina futi 40, hutapotea. Ndani kuna nakshi za miiba ya nungunungu juu ya magome ya mti, shanga, zana za mawe. Mwaka 2023 yalirudishwa hapo mavazi ya Kimi'kmaq yaliyokaa zaidi ya karne moja makumbusho ya Melbourne, Australia. Piga simu kwanza uulize kama yameonyeshwa.

Kobe_wa_Dartmouth
Dada, kwa heshima zote, pale unatazama vitu nyuma ya vioo. Mama wa Tanga anataka watu! Mpeleke Eskasoni, jamii ya Wami'kmaq kisiwani Cape Breton. Wenyeji wenyewe wanakutembeza Goat Island, kando ya ziwa Bras d'Or. Mnafukizwa kwanza, na huyo mama mambo ya chetezo si mageni kwake. Kisha vikapu, vinasukwa kwa mti uliopasuliwa vipande vyembamba. Mnakula luskinikn, mkate wao. Halafu mchezo wao wa waltes: bakuli la mti, kete sita za mfupa, unalibamiza bakuli kete ziruke, mnahesabu kwa vijiti. Wazee wa bao ukiwaweka pale hawanyanyuki.

Bin_Salum
Kobe umeruka umbali makusudi. Halifax hadi Sydney, mji wa huko huko Cape Breton, ni kilomita 400 na ushee, kwenda na kurudi siku moja ni kumtesa mzee. Laleni Sydney, na kwa kuwa mmeshafika, ingieni Membertou Heritage Park, kituo cha historia cha jamii ya Wami'kmaq wa Membertou.

Mimi hapo ndipo nilipoelewa siasa za huku. Jamii hiyo zamani ilikaa Kings Road, karibu na bandari ya Sydney. Majirani wazungu hawakuwataka, mahakama ikaamuru wahamishwe mwaka 1916, na kufikia 1926 wote walikuwa wameondolewa. Donald Marshall Jr. ni mtoto wa Membertou. Alikamatwa kwa kuvua na kuuza mikunga, kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Kanada, na mwaka 1999 ikaamuliwa kwamba mikataba ya 1760 na 1761 kati ya Wami'kmaq na Waingereza bado ina nguvu, na inawapa haki ya kuvua na kuuza. Ule ugomvi wa wavuvi wa kambakoche mnaousikia kwenye habari unaanzia hapo.

Mama Neema
Kwa Membertou sibishi. Ila mwenye siku moja asidanganywe, Millbrook inatosha.

Asha_Moncton
Kejimkujik, ile hifadhi ya taifa, hamjaigusa. Kuna michoro ya Wami'kmaq zaidi ya 500 iliyochongwa kwenye miamba kando ya ziwa, hadi meli za matanga, lakini huingii bila kiongozi wa msafara. Kwa magoti hayo ningeiacha. Mkivuka kuja jimbo jirani la New Brunswick kuna Metepenagiag, kijiji cha Wami'kmaq kilichokaliwa miaka 3,000 mfululizo. Ni safari ya peke yake hiyo, msiichomeke.

MgeniHalifax
Basi nabembeleza kazini. Siku ya kwanza Millbrook njiani, tulale Sydney. Kesho yake Eskasoni asubuhi, Membertou mchana, turudi jioni. Picha zinaruhusiwa?

Kobe_wa_Dartmouth
Uliza kila mahali kabla ya kupiga. Wakati wa kufukizwa simu iwe mfukoni. Eskasoni weka nafasi mapema, hawapokei wageni mwaka mzima.

Bin_Salum
Na kurudi jioni ile ile, mkuu, mpe mama kiti cha mbele na mto wa kuegemea.