Naombeni ushauri: ndugu yangu amechanganyikiwa, nimpeleke hospitali ya akili ya Mirembe au tuanze na tiba za huku kwetu?

Mkorosho Mrefu: Wakuu, habari za saa hizi. Nipo Mtwara mjini, kichwa kimevurugika. Nina ndugu yangu wa kike, miaka 24, yuko kijijini huko Tandahimba. Tangu wiki iliyopita halali. Usiku kucha anaongea peke yake, mara acheke, mara alie, anasema kuna watu wanatembea juu ya bati. Hajawahi kuumwa hivi na kwao hakuna mwenye ugonjwa huu. Naomba kujua, Mirembe wanapokea mtu akienda moja kwa moja bila barua? Na kuna aliyewahi kuona mtu wa hivi akapona kabisa? Matusi hapana, nimechoka.

Kibao cha Mbuzi: Pole mkuu. Mirembe iko Dodoma, kutoka kwenu ni kama kilomita elfu moja. Utamwekaje kwenye basi mtu ambaye halali? Mimi nilipanda na mbuzi mmoja tu pale Nangurukuru, kondakta akataka kunishusha Somanga.

Mama Swaumu: Nyumba isiyosomwa dua huwa inaingiliwa. Vijana mnajenga, mnaweka dishi na redio kubwa, Qur'ani haisikiki. Anzeni hapo.

Mwalimu wa Nachingwea: Nawaomba tusiite kila kitu kuchanganyikiwa, maana matibabu yanafuata aina ya ugonjwa. Kuna sonona: mtu anakosa raha na nguvu kwa wiki nyingi, anajiona hafai. Kuna maradhi ya wasiwasi. Kuna baipola, mtu anapanda juu kupita kiasi kisha anaporomoka. Na kuna saikosisi, pale anaposikia au kuamini visivyokuwepo. Zamani walikuwa wakifungiwa tu. Mwaka 1949 daktari John Cade wa Australia alionyesha kuwa lithiamu inatuliza waliopanda juu. Mwaka 1952 pale Paris wakaanza kutumia klopromazini kwa wagonjwa wa saikosisi, na wengi waliokuwa wakiishia wodini wakaweza kurudi makwao. Miaka ya 1960 Aaron Beck wa Marekani akatengeneza tiba ya mazungumzo inayomfundisha mgonjwa kuyapima mawazo yake mwenyewe badala ya kuyaamini yote. Kwa hiyo kuna dawa, kuna mazungumzo, na kuna familia. Mara nyingi vinakwenda pamoja.

Binti wa Mikindani: Mwalimu asante. Dada yangu aliugua sonona baada ya mumewe kuondoka na hela yote ya mnada wa korosho. Tulidhani anaringa, kumbe hata kuoga kulimshinda. Alipewa vidonge, tukaambiwa vinachukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha kazi na asiviache mara akipata nafuu. Kilichomnyanyua zaidi ni yule mshauri aliyekuwa anampa kazi ndogondogo: leo fagia uwanja, kesho nenda kwa jirani. Sasa hivi anauza samaki feri.

Nesi wa Zamu ya Usiku: Mleta mada, wanakujibu kila kitu isipokuwa chako, na wewe hujaeleza vya kutosha. Ana homa? Ana kifafa? Anatumia bangi, pombe, dawa yoyote? Amejifungua hivi karibuni?

Mkorosho Mrefu: Hatumii kilevi chochote. Kifafa hana. Wazee wa huku wanasema ni mahoka, mizimu ya ukoo, yanadai, na mjomba wake ameshazungumza na fundi, yaani mganga wa kienyeji, wa upande wa Newala. Nusu ya hela imetolewa, Jumamosi wanampeleka. Sisi Wamakonde mjomba ana kauli kubwa, siwezi kumpita.

Nesi wa Zamu ya Usiku: Umeruka swali la mwisho.

Mkorosho Mrefu: Amejifungua, ndiyo. Lakini alijifungua salama, hakuongezewa damu, hakuchanwa. Sioni kama inahusika.

Nesi wa Zamu ya Usiku: Lini?

Mkorosho Mrefu: Hii ni wiki ya pili. Mama mkwe ananiambia mwili nao una joto.

Shangani Tulivu: Mama mkwe? Si ulisema ni ndugu yako? Wakuu, hii chai, anatutungia. Kesho atakuja na namba ya kuchangia.

Kibao cha Mbuzi: Nami nimeshtuka. Ndugu amegeuka mke katikati ya uzi.

Mama Swaumu: Mtu anayeficha mke wake ataficha mangapi?

Mkorosho Mrefu: Ni mke wangu. Niliandika ndugu kwa sababu humu kuna watu wa kijijini kwetu, sitaki mwanangu akue anaitwa mtoto wa kichaa. Sitaki mchango wa mtu. Mnataka ushahidi gani? Juzi nilikuwa huko. Anamfunua mtoto, anamhesabu vidole vya miguu kwa mwanga wa simu, akifika cha kumi anaanza upya. Nikamuuliza unatafuta nini. Akasema, "Huyu si yule niliyemzaa, wamenibadilishia." Mama yake akachukua mtoto, yeye akaenda kukaa mlangoni mpaka alfajiri.

Shangani Tulivu: Basi samahani mkuu. Endelea kumsikiliza nesi.

Nesi wa Zamu ya Usiku: Nisikilize vizuri, shemeji. Hiki ndicho watu wanakiita kichaa cha uzazi, na ni dharura, hakisubiri Jumamosi. Huwapata kama mama 1 au 2 katika kila 1,000 wanaojifungua, mara nyingi ndani ya wiki mbili za mwanzo, hata kama kwao hakuna aliyewahi kuugua. Si uvivu wa sala na si tabia mbaya. Tena hiyo homa yake peke yake inatosha kumtoa nyumbani: inaweza kuwa maambukizi ya kizazi au malaria, na vyote viwili vinaweza kumvuruga mtu akili. Kifafa cha mimba nacho kinaweza kuja baada ya kujifungua, kwa hiyo watampima na presha.

Kuanzia sasa asiachwe peke yake na mtoto, hata dakika ya kwenda chooni. Sisemi ni mbaya. Akiamini mtoto amebadilishwa anaweza kumdhuru yeye au kujidhuru mwenyewe, huku anadhani anafanya jambo jema. Visu na sumu ya mikorosho viondolewe. Msibishane naye kuhusu mtoto, na msimfunge kamba.

Piga 115. Ni ya m-mama, mpango wa usafiri wa dharura wa uzazi, ni bure, inahudumia wajawazito, waliojifungua ndani ya siku 42 na watoto wachanga. Waambie siku za uzazi, homa, halali, haeleweki.

Mkorosho Mrefu: Mirembe je?

Nesi wa Zamu ya Usiku: Sahau Mirembe kwa sasa. Anzeni kituo cha karibu, wao watawapa rufaa, hospitali ya Ligula hapo Mtwara mjini wana huduma ya akili. Wataanza na homa, kisha dawa za saikosisi. Waambie ananyonyesha, maana si kila dawa inamfaa mama anayenyonyesha. Akipata dawa mapema wengi hupona kabisa, ulilouliza mwanzo. Mazungumzo na mshauri yatakuja akishatulia, leo hayatasaidia. Na uzazi ujao mseme mapema kliniki, maana kinaweza kurudi.

Mkorosho Mrefu: Mjomba atasema nimemdharau. Na hela ya fundi hairudi. Tukienda kwanza kwa fundi, tukitoka huko hospitali?

Mwalimu wa Nachingwea: Mwanangu, mimi ni mjomba wa watu. Usimpigie kumwomba ruhusa, mpigie umwambie mpwa wake ana homa ya uzazi na gari linakuja. Homa hakuna mzee anayebishana nayo. Mahoka mtayazungumza baadaye.

Mkorosho Mrefu: Nimepiga 115, wamepokea, wamechukua jina la kijiji. Mjomba amenuna ila amekubali kwenda naye. Bado anasema wakirudi lazima waende Newala.

Nesi wa Zamu ya Usiku: Wakirudi mtaongea. Sasa mwambie mama mkwe abebe kadi ya kliniki, vidonge vyote alivyopewa baada ya kujifungua hata kama vimeisha, na mtoto aende nao mikononi mwake yeye bibi. Wewe kutoka mjini nenda moja kwa moja Ligula ukawasubiri.