Naombeni ushauri: baba anataka nimpeleke uwanjani AFCON 2027

Binti Reli
Wakuu habari za jioni. Mimi ni mzaliwa wa Tabora, nafanya kazi Dodoma. Baba yangu ni mstaafu wa reli, ana miaka 70 na ushee. Tangu Tanzania, Kenya na Uganda tupewe AFCON ya 2027, Kombe la Mataifa ya Afrika, hana habari nyingine. Anataka kuiona Taifa Stars kwa macho yake, ndani ya Uwanja wa Mkapa.

Mwaka 1980 Stars ilipocheza Lagos aliisikia kwa redio tu, yuko zamu stesheni. Tukakaa miaka 39 bila kukanyaga tena AFCON. 2019 kule Misri tulifungwa mechi zote tatu. 2024 kule Ivory Coast tukapata sare mbili. Hii ya juzi Morocco tumevuka makundi kwa mara ya kwanza, ila kwa sare mbili vilevile. Mechi 13 za fainali, Stars haijashinda hata moja. Baba anasema ushindi wa kwanza lazima umkute amekaa jukwaani.

Nimpeleke au nisimpeleke? Na usafiri upi utamfaa? Kaka yangu hataki kabisa kusikia, tumefikia kutopokeleana simu. Usingizi sina.

Mzee wa Kijiwe
Mpeleke. Mods fungeni uzi.

Abiria Daima
Usafiri usikuumize kichwa. Basi Tabora hadi Dodoma, apumzike kwako siku mbili, halafu treni ya umeme ya SGR hadi Dar. Mstaafu wa reli mkalishe dirishani, atakuhesabia stesheni zote mpaka ile ya Magufuli, Dar. Treni ya zamani inamfikisha Dar moja kwa moja, lakini kwa umri huo itamchosha.

Jirani wa Namanga
Pole dada. Mimi ni Mkenya, na AFCON ya 2019 sitaisahau. Cairo, tarehe 27 Juni, Kenya na ninyi Tanzania. Msuva akawafungia mapema, Olunga akarudisha. Hatujakaa vizuri, Samatta akaweka la pili. Omolo akasawazisha kwa kichwa, halafu Olunga akamaliza kazi dakika ya 80. 3-2! Mtaa mzima Eastleigh ulitoka nje. Siku nne baadaye Senegal wakatupiga 3-0 tukarudi nyumbani. Furaha ya siku nne, lakini hadi leo naiona ilitosha. Mlete mzee.

Mama Wawili
Mdogo wangu, nimesoma mara mbili. Watu hawanuniani kwa sababu ya mpira. Kaka yako anakataa kwa nini?

Binti Reli
Anahofia msongamano tu, dada. Unajua Mkapa ikijaa, watu 60,000.

Mama Wawili
Msongamano dawa yake ni kuwahi. Baba anaumwa nini?

Binti Reli
Sawa, niseme. Baba ana presha na moyo umetanuka. Januari 2024, mechi na Zambia, alianguka sebuleni mbele yetu.

Mnaikumbuka ile mechi. Msuva alifunga dakika ya 11, Zambia wakabaki 10 kabla ya mapumziko. Ushindi wa kwanza wa Stars AFCON ulikuwa mkononi kabisa. Na kwa baba Zambia si timu yoyote tu: bao la Peter Tino kule Ndola mwaka 1979 ndilo lililotupeleka Lagos, analisimulia hadi leo. Dakika ya 88 Daka akasawazisha kwa kichwa. Baba alisimama, akashika kifua, akaanguka kati ya meza na kochi. Saa tatu usiku tulikuwa hospitali. Alilazwa wiki nzima.

Daktari alisema aepuke mshtuko, hakutaja mpira. Na ninyi msiomjua baba msimchukulie kama mgonjwa wa kitandani, kila asubuhi anatembea hadi sokoni na kurudi.

Mama Wawili
"Hakutaja mpira." Mdogo wangu!

Nyota ya Jaha
Presha haina ushabiki. Mpira una siku zake, mzazi ni mmoja. Mnunulie TV kubwa atazame nyumbani akiwa na dawa zake karibu. Vijana wa leo mnataka picha za uwanjani za kuweka status, halafu mzee akizidiwa mnaanza kupitisha bakuli.

Mzee wa Kijiwe
Alianguka akiwa nyumbani, tena kwenye kochi. Hiyo TV kubwa itamsaidia nini?

Mpaka Tunduma
Niongee la kwangu. 2012 nilikuwa na duka Tunduma, hatua chache tu kutoka Zambia. Usiku wa fainali nilivuka kwenda kutazama Nakonde kwa rafiki yangu, maana kwake kulikuwa na jenereta. Fainali yenyewe ya AFCON, Zambia na Ivory Coast, ilichezwa Libreville, na karibu na mji huohuo ndiko ndege ya timu yao ilikoanguka baharini mwaka 1993 na kuua wachezaji. Drogba wa Ivory Coast akakosa penalti dakika ya 70, mechi ikaisha bila bao, wakaenda kwenye matuta. Wakapigiana hadi Zambia wakashinda 8-7. Gervinho wa Ivory Coast alipopaisha, wazee waliowazika vijana wale walipiga magoti chini. Mama wa rafiki yangu alitaja majina ya marehemu mmojammoja, kwa sauti, hakuna aliyemkatiza. Mimi si Mzambia, ila nililia naye.

Wazee wa umri wa baba yako hawatazami mechi moja. Wanatazama zote walizowahi kupoteza. Ndiyo maana inawaumiza, na ndiyo maana huwezi kuwakataza.

Mama Wawili
Umeniliza kaka, lakini hujajibu swali. Binti Reli, hii AFCON ya juzi baba alitazama?

Binti Reli
Tulimficha. Kaka alichomoa king'amuzi akasema kimeharibika. Siku ya Tunisia baba akaaga anaenda kusali, kumbe yuko banda umiza na vijana. Fei Toto aliposawazisha, tukajua tumevuka kuingia 16 bora, mtaa mzima ukalipuka kelele, na mimi natetemeka sijui baba yuko wapi. Alirudi kwa miguu yake anacheka. Ya Morocco tulitazama naye, nimekaa pembeni na dawa. Tulifungwa 1-0, akazima TV mwenyewe, akalala.

Ndiyo maana nasema anaweza. Kumficha ndiko kunakomhatarisha. Na niwaambie ukweli, nimeshamkubalia. Ameanza kuweka akiba kutoka kwenye mauzo ya karanga zake, jezi nimemnunulia, kazini nimeshasema mwakani likizo yangu iwe kipindi hicho. Siwezi kurudi kumwambia hapana.

Mama Wawili
Kwa hiyo hujaja kuuliza, umekuja tukuunge mkono.

Fundi Saa
Jamani, mnanyweshwa chai, hadithi ya kutunga. Zambia na Tanzania ilianza saa mbili usiku kwa saa zetu. Dakika ya 88 ukijumlisha mapumziko ni karibu saa nne. Mleta uzi anasema saa tatu walikuwa hospitali. Walimpeleka kabla hajaanguka? Halafu bao la Ndola, mara Zambia tena, imekaa vizuri mno. Subirini, namba ya kuchangia mzee inakuja.

Nyota ya Jaha
Mimi nilihisi mapema.

Mzee wa Kijiwe
Binti jibu hoja.

Binti Reli
Sijaomba shilingi ya mtu na sitaomba. Saa nimeandika kwa kukisia. Nilikuwa nimempakata baba kwenye bajaji, sikuangalia saa.

Ninachokikumbuka bila kukisia ni hiki. Baba ana daftari la mistari, jalada lake kalishona kwa uzi wa viatu. Kila mechi ya Stars anaandika vikosi kwa kalamu ya bluu, wafungaji anawapigia mstari. Ukurasa wa Zambia alishaandika 1-0 kabla mechi haijaisha, na chini yake "USHINDI WA KWANZA" kwa herufi kubwa. Herufi ya mwisho mguu wake umeburuzwa hadi ukingoni mwa karatasi. Ndipo kalamu ilipomtoka. Nilivyorudi kufua nguo zake za hospitali nililikuta chini ya kochi. Hajaufuta huo ukurasa wala hajasahihisha matokeo. Kama ni chai, basi niitunge mimi mwenyewe sebuleni kwetu?

Fundi Saa
Kuhusu saa nimekuelewa. Pole kwa mzee. Tumeshaumizwa sana humu ndani, nyuzi za wagonjwa ni nyingi.

Mpaka Tunduma
Mechi yenyewe kweli ilikuwa hivyohivyo. Hata mimi nilishajiandaa kuwapigia simu watu wa Nakonde kuwacheka.

Mama Wawili
Sasa nisikilize. Mimi ni nesi. Usimpeleke na usimkatalie, mpeleke kliniki kwanza, na umtajie daktari neno mpira waziwazi: uwanja, ngazi, jua, kelele, bao la dakika za mwisho. Kaka yako awepo chumbani asikie kwa masikio yake. Daktari akikubali, mkifika Dar mapema mumpitishe Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, pale Muhimbili. Halafu kabla ya AFCON mpeleke mechi ya kirafiki ya Stars, muone mwili unasemaje. Daktari akikataa, baba asikie kutoka kwa daktari, siyo kwa king'amuzi kilichochomolewa.

Binti Reli
Na akikataa?

Mama Wawili
Utakuwa na baba hai mwenye hasira. Utatazama naye nyumbani, dawa mkononi, kama ulivyofanya siku ya Morocco.

Binti Reli
Kirafiki sawa. Kliniki nayo sawa, tarehe yake ni mwezi ujao. Kaka nimemtumia ujumbe sasa hivi, sijamwambia habari ya jezi.

Mama Wawili
Mwambie na ya jezi.

Abiria Daima
Ratiba ya makundi ikitoka nitakuja kukuelekeza. Stars ikipangiwa nje ya Dar, hesabu ya treni inabadilika yote.