Naomba ushauri: mashindano ya bao, tunakwenda Unguja watu wanne

Assalaam alaykum ndugu zangu. Sisi ni wanne wa barza moja hapa Wete, tumejiandikisha mashindano ya bao la kete huko Unguja mwezi ujao. Kila mtu atacheza peke yake, lakini nauli ya boti, malazi na kiingilio tumechanga pamoja.

Shida yangu ni namua, ile hatua ya mwanzo ya kuingiza kete za mkononi. Mtaji, hatua ya pili kete zote zikiwa ubaoni, nauweza, nikifika na kete za kutosha sishindwi kirahisi. Lakini kabla zile kete 22 za mkononi hazijesha, nyumba yangu, lile shimo kubwa la safu ya mbele, huwa imeshaliwa. Nimejaribu kuisafirisha mapema, yaani kuzisambaza kete zake, kete zikatawanyika safu ya mbele, mwenzangu akazila shimo baada ya shimo. Nimejaribu kuilinda hadi mwisho, nikawa natakata tu (nasambaza kete bila kula) kila zamu huku yeye anakula. Mzee mmoja wa barzani kanambia nitazame kwanza upande wa mwenzangu kabla ya wangu. Imenisaidia kidogo, ila nahofia haraka ya mashindano. Huku kwetu mtu hufikiri mpaka kahawa ikapoa.

Jengine ni zawadi. Mmoja wetu anataka tugawane sawa, mwengine anasema mshindi arudishe michango kisha kilichobaki chake. Tumesoma chuo kimoja tangu wadogo, sitaki tugombane kwa hili.

Mnaocheza, mnatazama dalili gani kujua sasa nyumba isafiri? Na mliokwenda kwa kikundi, zawadi mlikubaliana vipi kabla ya safari?