Dar es Salaam hadi Kilimanjaro kwa Krismasi: gari binafsi, basi au treni?

Mtemi77

Habari zenu wanajukwaa. Familia yangu inatarajia kwenda Kilimanjaro kula Krismasi, na mpaka sasa hatujaafikiana njia ya kusafiri. Tunalo gari dogo ambalo halisumbui, mke wangu anapendelea basi, na jirani yetu anatusihi tujaribu treni. Naomba ulinganisho kutoka kwa wanaoifahamu safari hiyo, hasa upande wa gharama na uchovu. Inanibidi niamue wiki hii, kwa kuwa nasikia tiketi za Desemba hazingoji mtu.

DerevaMstaafu

Ndugu yangu, umeuliza nusu ya swali. Gari dogo ni gari gani? Mko wangapi, na watoto wana umri gani? Mnatokea upande gani wa Dar, na hiyo Kilimanjaro ni ipi: Moshi mjini, Machame, Kibosho, Rombo? Vilevile hukutaja tarehe. Anayeondoka tarehe 15 na anayeondoka tarehe 23 wanapita barabara ileile, lakini hawasafiri safari moja. Tupe hayo kwanza, vinginevyo kila mtu hapa atakujibu kwa safari yake mwenyewe.

MamaGoba

Mimi nitajibu hata kabla hajarudi, kwa sababu jibu ni moja: gari lako mwenyewe. Umbali mpaka Moshi ni takriban kilomita 560, na gari dogo la injini ndogo halitazidi sana lita 40 za petroli kwa kwenda. Hesabu tiketi za watu wanne au watano uone kama hujazipita hizo lita kwa mbali. Zaidi ya hayo, ukifika kijijini huna gari, utaishia kukodi bodaboda kila unapotaka kumsalimia shangazi.

Sisi wa Goba hatugusi Chalinze kabisa. Tunatokea Tegeta, tunakwenda Bunju mpaka Bagamoyo, halafu tunakata kushoto kuelekea Msata. Hicho kipande cha Bagamoyo hadi Msata ni kilomita 64 za lami, na ukiibukia barabara kuu pale Msata umeshaiacha nyuma foleni ya Kibaha, Mlandizi na Chalinze. Tukiondoka saa kumi alfajiri, supu tunainywa Segera na chakula cha mchana tunakula Same.

Mtemi77

Nashukuru kwa majibu ya haraka. Tunaishi Tabata. Gari ni Toyota IST. Tuko watu wazima watatu, watoto wawili wa shule ya msingi, na mmoja ambaye bado ananyonya. Tunakwenda Mwika, na likizo yangu inaanza tarehe 21, kwa hiyo tutaondoka tarehe 22.

BintiUpare

Watu sita ndani ya IST, pamoja na mizigo ya Krismasi? Gari hilo limesajiliwa kubeba watu watano, na mtoto wa kunyonya naye ni mtu. Tuachane hata na sheria. Ukishaweka mabegi, kiroba cha mchele na dumu la mafuta ya kula, gari linakalia matairi, na vile vilima vya kuanzia Msata mpaka Mandera utavipanda ukiwa nyuma ya lori bila nguvu ya kulipita. Hapo ndipo watu wanapoingia kwenye tamaa ya kulipita kwenye kona.

Kisha kuna tochi, zile za trafiki za kupima mwendo. Mimi ni mzaliwa wa Hedaru, na ninawaona wageni kila Desemba. Baada ya Mombo barabara inanyooka, milima iko kulia kwako, kushoto ni tambarare, na mguu unalala wenyewe kwenye mafuta. Lakini vijiji vimefuatana, na kila kijiji kina kibao cha 50. Ukipigwa tochi mara tatu kwa faini ya shilingi 30,000 kila mara, hesabu ya MamaGoba ya kuokoa fedha inakwisha kabla hamjafika Same.

MamaGoba

Dada, tochi haimkamati anayefuata vibao. Na mtoto wa kunyonya hukaa na mama yake hata kwenye basi, mbona huko husemi ni mtu wa sita?

BintiUpare

Kwenye basi hakai juu ya dumu la mafuta.

DerevaMstaafu

Tusigombane. Nimeendesha njia hiyo kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, na ninasema hivi: barabara yenyewe sasa ni nzuri kuliko zamani. Lile daraja jembamba la Wami, ambapo gari moja lilisubiri jingine lipite, tumeshaliacha baada ya daraja jipya kufunguliwa. Tatizo la tarehe 22 ni wingi wa madereva wasioizoea safari ndefu, ambao mwaka mzima wanaendesha kati ya Mwenge na Posta, na siku hiyo moja wanataka kumaliza kilomita 560 bila kulala na bila kubadilishana usukani. Mtemi, je, mkeo anaendesha? Hilo nalo hukutuambia.

MpendaReli

Nashangaa treni imetajwa mara moja tu na kusahauliwa. Safari za treni ya abiria kati ya Dar es Salaam na Moshi zilirejeshwa Desemba 2019, baada ya zaidi ya miaka ishirini bila huduma hiyo, na mwaka uliofuata zikafika Arusha. Inaondoka Dar alasiri na kufika Moshi siku inayofuata. Kuna daraja la tatu, daraja la pili la kukaa na daraja la pili la kulala. Kwa mwenye watoto, hilo la kulala halina mpinzani: wanajinyoosha, wanatembea kwenye behewa, na asubuhi wanaamka wakiutazama mlima. Nauli ni nafuu, na hakuna tochi ya kukupiga. Kasoro yake ni kwamba haisafiri kila siku, na reli yenyewe ni ile ya zamani, kwa hiyo mvua ikiharibu tuta, ratiba inavurugika. Nenda stesheni kaulize kabla ya kutegemea chochote unachokisoma hapa.

NjiaPanda

Mtaalamu wa reli amesahau jambo moja la jiografia. Mwika haiko Moshi. Anayetoka Dar anaiacha barabara kuu pale Njia Panda ya Himo, anapandisha Marangu Mtoni, halafu anashika njia ya Mwika. Treni itamvusha mpaka Moshi mjini, kisha arudi nyuma tena hadi Himo na watoto na mizigo, akigombania usafiri na umati wa sikukuu. Ndege ni hivyohivyo: saa moja angani, lakini uwanja wa KIA uko mbele zaidi ya Moshi, upande wa Arusha. Kwa mtu wa Mwika, basi linaloelekea Rombo ndilo lenye akili, kwa sababu linakata kona palepale Himo na linapita Mwika likielekea Mkuu na Tarakea. Unashuka karibu na mgomba wa kwenu.

MkaziWaMakulu

Kwa nini hamfikirii Dodoma? Treni ya umeme imeanza mwaka 2024, inatoka Dar mpaka Dodoma kwa saa chache tu, safi na kwa wakati. Ukilala Dodoma, kesho yake unapanda basi la Arusha kupitia Kondoa na Babati, lami tupu.

DerevaMstaafu

Halafu kutoka Arusha arudi tena mpaka Moshi, na kutoka Moshi mpaka Himo, akiwa na mtoto wa kunyonya. Ndugu yangu, hiyo ni ziara ya kutembelea mikoa. Yeye ameomba njia ya kwenda Mwika.

MkaziWaMakulu

Nilikuwa natoa wazo tu. Atakayelipuuza asije kulalamika foleni ya Kibaha.

MtuWaUru

Kabla hajakimbilia basi kama NjiaPanda anavyomshauri, naomba nieleze yaliyotupata Krismasi moja, ambayo familia yetu bado inayazungumza.

Tulikata tiketi mapema kwa wakala wa kampuni moja ambayo sitaitaja, na kila tiketi ilikuwa na namba ya kiti. Siku ya safari tukafika stendi kabla ya adhana ya alfajiri. Basi halikuwapo. Tukaambiwa limepata hitilafu, na kwamba tumepatiwa usafiri mbadala. Usafiri wenyewe ulikuwa Coaster, mojawapo ya yale magari yanayopewa vibali vya muda abiria wanapozidi, na ubavuni bado ulikuwa umeandikwa jina la kituo cha daladala. Namba za viti vyetu hazikuwa na maana tena. Konda alizichukua tiketi, akazikata namba kwa kalamu ya bluu, akaandika nyingine juu yake, akazirudisha bila kututazama. Katikati ya viti walipanga viroba, na juu ya viroba wakakalisha watu.

Tulipita Korogwe salama, tukapita Mombo, na jua lilipoanza kushuka gari likaanza kulia kama linasaga mawe. Likazima Mkomazi. Dereva aliingia chini ya gari akimulikiwa na tochi ya simu, akatoka na kipande cha chuma kilicholowa mafuta, na utingo akakibeba kwenye bodaboda kurudi Mombo kutafuta fundi. Tukabaki pale na mbu. Mabasi yalikuwa yanapita yamejaa, yanatupigia honi tu. Mama mmoja wa kijijini alitutolea jamvi watoto walale na akatuchemshia chai, na alipolipwa akakataa fedha ya maji aliyowapa watoto kunawa. Kila tulipopiga namba iliyoandikwa kwenye tiketi, iliita mpaka ikakata. Utingo alirudi usiku wa manane mikono mitupu. Mwishoni tulipakiwa na basi lililokuwa likielekea Arusha, tukalipa nauli kamili upya, na wanaume tukasimama mpaka Moshi.

Januari nilikwenda kudai fedha zangu, nikaambiwa yule wakala hafanyi kazi pale tena. Tiketi ninayo hadi leo.

DerevaMstaafu

Pole sana. Ila tusivitupie lawama vibali. LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, inavitoa kwa sababu bila hivyo maelfu ya watu wangekula Krismasi stendi ya Magufuli, na magari yanatakiwa yakaguliwe kabla ya kuruhusiwa. Kosa hapo ni la mtu aliyeuza kiti ambacho hakikuwapo. Kata tiketi yako kwa mfumo wa mtandao au kwenye ofisi ya kampuni yenyewe, na gari likibadilishwa una haki ya kukataa kupanda na kudai nauli yako palepale stendi, mbele ya askari, wala si Januari.

MtuWaUru

Haki ya kukataa ninaijua. Ungejaribu kuitumia tarehe 23 Desemba, watoto wamebeba mabegi na nyuma yako kuna watu wanaokisubiri hicho kiti.

BintiUpare

Tena siku hizi mabasi yanaruhusiwa kusafiri usiku, tangu mwaka 2023. Wapo wanaoyapenda kwa sababu ya ubaridi na kukwepa foleni. Mimi na watoto wangu, hapana. Heri nifike nimechoka mchana.

Mtemi77

Nimesoma yote kwa makini. Mke wangu haendeshi. Pia nadhani nilipaswa kufafanua kwamba huyo mtu mzima wa tatu ni mama mkwe wangu, ambaye alikuja Dar kutibiwa miguu na sasa anarudi nyumbani. Daktari amesema asikae muda mrefu bila kuinuka.

MamaGoba

Mtemi! Hilo ndilo lilipaswa kuwa neno la kwanza! Sasa gari ni lazima, kwa sababu unasimama unapotaka, anajinyoosha, mnaendelea.

MpendaReli

Kinyume chake, hoja hiyo inaipa ushindi treni. Behewa la kulala, mama analala miguu imeinuliwa usiku kucha. Ya Moshi hadi Mwika kodi teksi, hiyo si gharama ya kukufilisi. Bali hakikisha unapata kitanda cha chini.

NjiaPanda

Na mama mkwe huyo utamkalisha wapi kwenye IST? Kiti cha mbele, bila shaka, kwa heshima yake na kwa miguu yake. Basi nyuma ni mkeo, watoto wawili na kichanga, kwa saa tisa au kumi. Nikukumbushe pia kwamba utakuwa umekaa bega kwa bega na mkweo siku nzima. Kwenu Unyamwezini sijui mnalichukuliaje, lakini wazee wangu wangeguna.

Mtemi77

Hata kwetu wangeguna. Ndiyo maana mke wangu anataka basi, ingawa hakulisema kwa maneno hayo. Hii pia ni mara yangu ya kwanza kufika Mwika, kwa sababu mahari ilipelekwa na baba zangu wadogo.

MtuWaUru

Karibu sana shemeji, uje uhesabiwe pamoja nasi. Sasa acha habari ya usafiri kidogo, mbuzi umempanga?

Mtemi77

Nilifikiri ninunue nikifika.

MtuWaUru

Tarehe 23 pale Himo utauziwa beberu kwa bei ya ng'ombe, hasa wakisikia lafudhi yako. Mtumie shemeji yako fedha mapema, amnunue mwanzoni mwa mwezi na amfunge nyumbani. Kuna mnada wa Weruweru pia, lakini huo uko upande wa pili wa Moshi, kwako ni mbali. Mchele beba kutoka Dar, na sukari. Mbege usijisumbue nayo, utaikuta imeshapikwa.

BintiUpare

Mchele wa kiroba kizima ndio ule tuliosema utaikalisha IST. Autume kwa basi kama kifurushi, aupokee Njia Panda.

MamaGoba

Au akodi Noah. Viti saba, mama anakaa peke yake katikati na miguu yake juu ya begi, na dereva wa kukodi anabadilishana naye usukani. Mbona hatukulifikiria?

DerevaMstaafu

Kwa bei za Desemba? Muulize kwanza anayekodisha, halafu urudi hapa. Na asisahau kuangalia bei ya petroli ya EWURA, ile inayotangazwa Jumatano ya kwanza ya mwezi.

Mtemi77

Nimepiga simu mahali pawili kuulizia Noah. Mmoja ameniambia zote zimeshachukuliwa hadi tarehe 3 Januari, mwingine ameahidi kunijibu jioni. MpendaReli, kama bado upo, naomba uniambie: vitanda vya chini vinaweza kushikwa kwa simu, au ni lazima mtu afike stesheni?

MkaziWaMakulu

Ya kwetu ya umeme tunakata kwenye simu.