Gari la Kale Lirudishwe Rangi ya Kiwandani, au Rangi ni ya Mwenye Gari?

Mleta mada

Naomba tujadili jambo ambalo huwagawa watu kila panapokuwa na maonyesho au mnada wa magari ya kale ya Kimarekani, hasa yale ya injini kubwa yaliyotengenezwa tangu mwaka 1964, Pontiac walipotoa GTO, hadi miaka ya mwanzo ya 1970, ambayo Wamarekani wenyewe huyaita magari ya misuli. Mtu anapolifumua gari la namna hiyo na kulikarabati upya, je, anawajibika kulirudishia rangi lililotoka nayo kiwandani, hata kama haipendi, kwa kuwa gari hilo limekwisha kuwa sehemu ya historia ya viwanda vya Marekani? Au rangi ni yake, kama ilivyo yake injini, viti na matairi?

Mfano ulionisukuma kuuliza ni wa Dodge Challenger R/T ya mwaka 1970 ambayo kwa miaka mingi imejulikana kwa rangi ya zambarau. Mwenyewe alipoanza kuikwangua alikuta chini yake kijani kilichokolea, na kile kibati kidogo kilichofungwa kwa skrubu ndani ya boneti, upande wa kushoto, kikathibitisha alichokiona kwa msimbo wake wa rangi: EF8. Kwa wasiozoea namba hizi, herufi ya kwanza huonyesha mwaka wa modeli ambao rangi iliingia katika orodha ya Chrysler, kampuni mama ya Dodge, E ikiwa 1969 na F ikiwa 1970, na herufi ya pili hutaja kundi la rangi, ambalo hapa ni kijani. Zambarau ingeandikwa FC7, rangi ambayo Dodge waliiita Plum Crazy na Plymouth, ndugu yao wa kampuni moja, wakaiita In-Violet. Kijani cha EF8 hakikupewa na Dodge jina lolote la mbwembwe. Katika orodha yao kilikuwa kijani cheusi chenye chembe za metali, basi.

Sasa mwenye gari anashauriwa na kila apitaye. Wengi humwambia apulize zambarau mpya, kwa sababu ndiyo inayosimamisha watu. Na kweli, rangi kali za wakati ule, yaani Plum Crazy, Sublime, Go Mango, Hemi Orange na Top Banana, ndizo zilizobaki katika kumbukumbu za watu. Lakini zilikuwa rangi za kulipiwa ziada, na magari mengi ya miaka ile yalitoka kiwandani yakiwa ya kijani cha kawaida, kahawia, dhahabu, buluu na nyeupe. Ukiingia leo katika maonyesho ukakuta safu nzima ya zambarau na machungwa, unafundishwa historia ambayo haikuwahi kutokea, na anayekufundisha wala hajasema neno.

Nauweka msimamo wangu wazi ili upingwe. Rangi ya kiwandani ambayo bado imo juu ya bati isiguswe, hata ikiwa imefifia na kuchubuka. Rangi ambayo imekwisha kutoka haiwezi kurudishwa na mtu yeyote, kwa hiyo hapo mwenye gari ana uhuru wake, ilimradi aandike alichokikuta, asikibadilishe kibati, na amweleze mnunuzi ukweli.

Mchangiaji wa kwanza, fundi rangi

Ndugu mleta mada, mimi hupuliza rangi magari haya katika gereji moja ya Michigan, si mbali na Hamtramck ambako nyingi za Challenger ziliundwa, na ninakubaliana nawe kwa sababu ambayo huenda hukuifikiria: hata anayeagiza EF8 kamili, kwa hesabu zote za kitabu, hapati EF8 ya mwaka 1970.

Wakati ule Chrysler na Ford walitumia enameli iliyokaushwa kwa joto la tanuri, tabaka moja lenye rangi na mng'ao wake humo humo. General Motors walikuwa na njia yao, laka ya akriliki, ambayo ilipigwa msasa na kurudishwa kwenye joto ili iyeyuke kidogo na kujisawazisha yenyewe. Leo karibu gereji zote hupuliza tabaka la rangi na kulifunika kwa klia, yaani tabaka linalong'aa lisilo na rangi, na ule mng'ao wenye kina unaousifu machoni ni wa klia, si wa rangi. Enameli ya zamani ilikuwa na mng'ao wa juu juu, na ilipochakaa ilitoa vumbi lililobaki mkononi ulipoipangusa.

Halafu kuna suala la vile vinavyotia rangi yenyewe. Njano na machungwa makali ya wakati ule yalitokana kwa sehemu kubwa na kromati ya madini ya risasi, ambayo kwa sababu za afya imeondolewa katika rangi za magari. Tunapoitafuta rangi hiyo kwa viungo vingine, tunaweza kuipata ikalingana kabisa na kipande cha zamani tukiwa nje juani, kisha tukaingia chini ya taa za gereji na kukuta vipande viwili visivyofanana hata kidogo. Mteja husema nimekosea, nami humpeleka tena nje akajionee.

Jambo la mwisho ni la aibu kidogo kwa sisi mafundi. Kazi ya kiwandani haikuwa nzuri. Mstari wa kuundia magari ulikuwa unakwenda, mpulizaji ana muda mfupi kwa kila gari, na matokeo yake yalikuwa uso wenye vidoadoa kama ganda la chungwa, sehemu za chini zilizopata ukungu tu wa rangi, na michirizi iliyokauka mahali ambapo mnunuzi hangepaona. Chama cha wakarabati wa Corvette, NCRS, kilichoanza mwaka 1974, hulihukumu gari kwa jinsi lilivyokuwa linatoka kiwandani, na hupunguza alama hata pale ambapo kazi imezidi uzuri wa kiwanda. Ni wateja wachache mno walio tayari kulipa maelfu ya dola ili niwatilie makosa ya mwaka 1970. Wanaotaka rangi sahihi huwa wengi hadi pale wanapoambiwa usahihi wenyewe unafananaje.

Mchangiaji wa pili, mnunuzi

Wakubwa, mnazungumza kama watu wasiowahi kutoa pesa mnadani. Mimi nataka kanuni iwe kali: rangi ya kibati, la sivyo gari lisihesabiwe kuwa limerejeshwa. Uhuru mnaoutoa kwa mwenye gari hulipwa na anayefuata.

Kwa Ford shida ni ndogo, kwa kuwa kumbukumbu za utengenezaji kuanzia mwaka 1967 zipo, na Marti Auto Works, wenye leseni ya Ford, hutoa taarifa ya gari moja moja pamoja na rangi yake. Pontiac nao wana PHS, wanaotoa nakala za hati za kiwandani. Kwa Chrysler wa miaka hii tunayoizungumzia, kilichobaki ni kibati cha chini ya boneti na ile karatasi ya maagizo ya kiwandani ambayo, ukiwa na bahati, unaikuta imeviringika katika springi za kiti cha nyuma. Karatasi huliwa na panya. Vibati huchapwa upya na kuuzwa. Namba ya chasisi huonyesha ukubwa wa injini, kwa mfano herufi R katika nafasi ya tano kwa Hemi, injini kubwa ya Chrysler, ya mwaka 1970, lakini juu ya rangi haisemi kitu. Kwa hiyo anayetaka kuifanya EF8 kuwa FC7 ana kazi moja tu ya kufanya, na ni kazi ya skrubu mbili.

Tena msiseme soko halithamini ukweli. Januari 2020, huko Kissimmee, Florida, Mustang ya mwaka 1968 aliyoiendesha Steve McQueen katika filamu ya *Bullitt* iliuzwa kwa dola milioni 3.74 pamoja na ada ya mnada, ikiwa haijakarabatiwa, na kijani chake kikiwa kimechakaa. Angeipaka rangi mpya mtu, sahihi au isiyo sahihi, angejitia hasara ya ajabu.

Mchangiaji wa tatu

Mimi nawapinga nyote watatu, na nitajaribu kueleza kwa adabu.

Mnaichukua siku ambayo gari lilitoka kiwandani kuwa ndiyo siku ya ukweli, na yote yaliyofuata kuwa uchafu wa kukwanguliwa. Lakini magari haya yalinunuliwa na vijana ili yabadilishwe. Yalitiwa rimu nyingine, mistari mingine, kabureta nyingine na rangi nyingine, mara nyingi kabla deni la benki halijaisha, na utamaduni mnaodai kuulinda ulikuwa ndio huo wa kubadilisha. Zipo gari zilizotoka kiwandani zikaenda moja kwa moja kwenye mbio za robo maili. Plymouth za timu ya Sox & Martin ya North Carolina zinajulikana kwa rangi nyekundu, nyeupe na buluu, rangi ambazo hakuna kiwanda kilichozipanga hivyo. Fundi mwenye bidii akichukua mojawapo na kuirudisha rangi ya kibati, atakuwa amefuta kitu pekee kilichoifanya gari hiyo ijulikane.

Na sisi wa Afrika Mashariki tunalielewa hili bila kuelezwa sana. Datsun 240Z iliyoshinda Safari Rally mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann, na ile aliyoshinda nayo Shekhar Mehta mwaka 1973, tunazikumbuka kwa wekundu wake na boneti nyeusi, kwa matope na namba za mlangoni. Hakuna mtu wa Nairobi atakayeuliza msimbo wa rangi kwanza.

Sasa ile Challenger. Kama aliyeipaka zambarau aliipaka mwaka 1975, zambarau hiyo ina umri wa karibu nusu karne, na kijani kiliishi miaka mitano. Nani kawapa nyinyi mamlaka ya kuamua kwamba miaka mitano ni historia na hiyo mingine si kitu?

Mleta mada

Hoja ya mchangiaji wa tatu ndiyo nzito kuliko zote zilizotolewa, na naikubali kwa magari ya mbio bila masharti. Hata Mkataba wa Turin, ambao shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lilianza kuutumia mwaka 2013, hautaki gari lirudishwe nyuma kwa nguvu hadi siku ya kwanza. Unatanguliza kuhifadhi kilichopo mbele ya kukarabati, unatambua mabadiliko yaliyopatikana katika maisha ya gari, na unataka kila kinachofanywa kiandikwe. Lakini siioni hoja hiyo ikimsaidia anayetaka zambarau mpya. Kama zambarau ya mwaka 1975 ni historia, basi na ihifadhiwe hiyo hiyo, pamoja na nyufa zake. Kuikwangua na kupuliza FC7 kwa klia ya leo hakutunzi historia ya kijani wala ya zambarau.

Kwa ndugu mnunuzi: kanuni yako kali ingewafanya watu wazidi kughushi vibati. Ukisema kwamba gari lisilo na rangi ya kibati halina hadhi, umewapa sababu ya kukibadilisha kibati, ambacho ni rahisi kuliko gari zima. Ninachopendekeza ni kwamba waandaaji wa maonyesho wadai kadi mbele ya kila gari, yenye msimbo wa kiwandani na rangi iliyopo sasa, na majaji wapunguze alama kwa mabadiliko yaliyofichwa tu. Anayesema wazi kwamba gari lake lilikuwa EF8 na yeye kaamua kulifanya FC7 asipoteze kitu, isipokuwa labda heshima ya watu kama mimi, ambayo haiuzwi mnadani.

Mchangiaji wa pili, mnunuzi

Kadi hukaa mbele ya gari siku mbili za maonyesho. Gari likiuzwa mara tatu, kadi iko wapi?

Mchangiaji wa kwanza, fundi rangi

Hapo nina la kusema, kwa kuwa hufanyika mikononi mwetu. Mwenye gari akikubali, mimi huacha sehemu isiyokwanguliwa: nyuma ya kiti cha nyuma, au ndani ya buti, chini ya zulia, eneo la kama kiganja. Kingo zake nazichonga kwa msasa laini ili matabaka yaonekane yakifuatana, bati, praima ya kiwandani, kijani, kisha zambarau ya baadaye. Kughushi kibati ni kazi ya mchana mmoja. Kughushi matabaka hayo, yenye enameli iliyokaushwa tanurini na kuzeeka mahali pasipofikiwa na jua, sijawahi kuona mtu akijaribu, na nisingejua nimshauri aanzie wapi. Tatizo ni kwamba wateja wengi hunikatalia. Wanataka gari liwe jipya hata mahali ambapo hakuna atakayetazama, na kwa kuwa wao ndio wanaolipa, napiga msasa na hapo pia.